Uzi: Redio na TV zinavyotupangia chakula na mazoezi, Arusha na Moshi (wenye vipimo tu)

Mdau_Sakina (mleta mada)

Wakuu, salaam. Kuanzia Sakina hadi Usa River ni nadra kukuta sehemu ya nyama choma isiyo na spika. Sebule nyingi TV inawaka kuanzia taarifa ya habari ya saa 2 usiku mpaka mtu wa mwisho anapozima taa. Anayekimbia alfajiri naye ana kitu masikioni. Chakula chenyewe tunakijadili kila siku, sauti inayokizunguka hatuihesabu. Naanza na upande wa kasi ya muziki, wenye ujuzi wa spika, lishe na mbio waendeleze.

Ronald Milliman alipima jambo hili Marekani kwenye supamaketi, akachapisha mwaka 1982. Muziki wa polepole, mapigo 72 kwa dakika kushuka chini, uliwafanya wateja watembee taratibu kati ya rafu. Mauzo yakawa juu kwa asilimia 38 hivi kuliko siku za muziki wa mapigo 94 na kuendelea. Mwaka 1986 akatoa matokeo ya mgahawani: meza ilikaa dakika 56 kwa wastani muziki ukiwa wa polepole, dakika 45 ukiwa wa haraka. Hapo ndipo wengi wanaponukuu vibaya. Chakula hakikuongezeka kwa kiasi cha maana. Kilichoongezeka ni vinywaji.

Hamishia hilo kwenye baa ya mbuzi na ndizi choma. Nyama imepimwa kwa kilo, iko kwenye sinia, haitazaa kwa sababu rumba inapigwa. Chupa ndiyo inazaa. Soda ya chupa ya kioo ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 au zaidi, karibu vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri sukari ya aina hiyo isizidi gramu 50 hivi kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwezekana ibaki 25. Soda ya kwanza tayari imevuka 25. Ya pili, ile ya "ngoja wimbo uishe", inakupeleka 70. Kwa hiyo mkiwa baa yenye muziki wa taratibu, achaneni na kuhesabu mishikaki, hesabuni chupa, na muagize chupa kubwa ya maji ikae mezani kabla ya kitu kingine.

FundiSpika_Kaloleni

Mkuu umegusa kasi, mimi naingia kwenye ukubwa wa sauti, ambao kwa maoni yangu una madhara zaidi mjini kwetu.

Dipayan Biswas na wenzake, katika utafiti uliochapishwa 2019, walicheza muziki kwenye mkahawa mmoja Stockholm kwa desibeli 55 na kwa desibeli 70. Kwenye 70 walioagiza vyakula visivyo na afya waliongezeka. Sababu waliyotoa inaeleweka: sauti kubwa inauweka mwili katika hali ya msisimko, na mtu aliyesisimka anataka cha kukaanga. Sauti ndogo inamwacha atulie, asome menyu mpaka chini.

Sasa 55 na 70 ni nini? Maongezi ya kawaida ya watu wawili, umbali wa mita moja, ni kama 60. Muziki ukiwa 55 unausikia lakini hauingilii maongezi. Ukiwa 70 lazima upaze sauti. Sehemu nyingi za Ijumaa usiku zimeipita 70 muda mrefu.

Jinsi ya kupima: pakua programu yoyote ya kupima desibeli kwenye simu. Usipimie kaunta, wala usinyooshe simu juu. Kaa kwenye kiti cha mteja, simu iwe usawa wa sikio, usiizibe maiki kwa kidole, acha isome dakika 2 nzima, chukua wastani na si kilele. Simu hukosea desibeli chache, kwa hiyo usibishane kuhusu 58 na 60. Unachotafuta ni kama uko kwenye hamsini au sabini.

Makosa ninayoyaona kwenye ufungaji:

Spika moja kubwa karibu na kaunta. Nje kwenye uwazi, kila ukizidisha umbali mara mbili sauti inashuka kama desibeli 6. Meza iliyo mita 2 ikipata 76, iliyo mita 8 inapata 64. Ili wa mbali wasikie, wa karibu wanapasuliwa. Bora spika ndogo 4 zilizotawanywa, kila moja ikicheza kidogo.

Sakafu ya vigae, kuta tupu na bati juu bila dari. Ndani ya chumba kama hicho sauti haishuki kama nje, inarukaruka. Dari ya mbao laini au mikeka, mapazia mazito upande mmoja wa ukuta, vitambaa mezani, vyote vinasaidia. Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, anza na dari.

Halafu kuna ugonjwa wa kupandishana. Kelele ikizidi, binadamu anapaza sauti bila kujua. Mwenye rimoti anaona muziki umemezwa na maongezi, anaongeza. Watu nao wanaongeza. Saa 1 jioni mlianza na 58, saa 4 usiku mko 80 na hakuna aliyeamua. Dawa ni kuweka alama ya rangi kwenye kitufe cha amplifaya, mwisho wa kuongeza ni pale, basi.

Na masika, Machi hadi Mei, mvua ikipiga bati kila mtu anaongeza ili isikike. Mvua inakata, hakuna anayekumbuka kupunguza. Hilo peke yake naliona kila mwaka.

Jiko_la_Njiro

Fundi, nakukubali, ila tuongee biashara. Mama lishe mwenye viti 12 ana saa moja na nusu tu ya kuuza, saa 6 na nusu hadi saa 8 mchana. Meza ikikaa dakika 56 amekwisha. Kwa maelezo ya mleta mada, si aweke singeli?

Mdau_Sakina

Anaweza kuweka kitu cha haraka, akapata meza. Singeli yenyewe inapita mapigo 200 kwa dakika, hapo umeshatoka kwenye muziki wa kusindikiza ukaingia kwenye ngoma. Chagua kitu cha mapigo 95 hadi 115, sauti isizidi 60. Haraka na ndogo. Wengi wanaunganisha haraka na kubwa kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe ni vitufe viwili tofauti.

Lishe_Rau

Jiko, nikuongezee. Muziki wa haraka huongeza pia kasi ya kijiko, na anayekula haraka anamaliza sahani kabla tumbo halijapeleka habari kichwani. Kwa mteja wa wali maharage, ambaye sahani yake imeshapimwa, si neno. Kwa sehemu ya kujipakulia mwenyewe ni hasara ya pande mbili: mteja anarudi kuongeza, na wewe sufuria inakwisha.

Sasa niende kwenye TV, maana huko ndiko nyumba nyingi za Moshi na Arusha zinapoangukia.

TV haikupi njaa. Inakunyang'anya kumbukumbu ya kula. Suzanne Higgs wa Birmingham, Uingereza, aliwapa watu chakula kilekile cha mchana, wengine wakiangalia TV na wengine bila. Baadaye mchana walioangalia TV walikula biskuti zaidi, na chakula cha mchana walikikumbuka kwa ukungu. Mwaka 2013 Eric Robinson na wenzake, Higgs akiwemo, walikusanya tafiti 24 za namna hiyo: kula huku akili iko kwingine huongeza chakula pale pale, na huongeza zaidi kwenye mlo unaofuata. Ndiyo maana mtu aliyekula makande saa 2 mbele ya tamthilia anafungua friji saa 4 na kusema "leo sijala vizuri". Amekula. Hakuandika kichwani, basi.

Ya kufanya, kwa mpangilio wa nguvu yake:

Pakulia jikoni, sufuria ibaki jikoni. Sinia au hotipoti likiwa mezani mbele ya TV, mkono unajaza wenyewe. Mtori hasa, kwa kuwa ni laini hautafunwi sana, unaongezwa upawa kwa upawa na hakuna anayejua ni wa ngapi.

Acha ushahidi mezani. Mifupa, maganda ya ndizi, chupa tupu, visitolewe mpaka mwisho. Macho yanahesabu pale akili iliposhindwa. Wahudumu wa baa wanaoondoa chupa haraka wanasafisha meza na kumbukumbu pamoja.

Cha kutafuna kipimwe kabla ya filimbi. Mechi na mapumziko ni dakika 105 hivi. Karanga gramu 30, kama ujazo wa kiganja, ni kilokalori 170. Mfuko wa gramu 200 ukiwa mapajani unakwisha kabla ya dakika ya 70, na hizo ni zaidi ya 1,100, karibu nusu ya mahitaji ya siku nzima. Kikombe kidogo cha kahawa kijazwe mara moja, mfuko urudi kabatini. Anayetaka kitu cha kudumu achukue za maganda. Kumenya kunachelewesha mkono. Bisi zisizo na mafuta mengi nazo zinafaa, bakuli kubwa lina uzito mdogo.

Saa zenyewe ni tatizo. Mechi za usiku za Ulaya kwetu zinaanza saa 4 au saa 5 usiku kutegemea majira yao. Chakula cha jioni kimeliwa saa 2, kwa hiyo chochote kinacholiwa mechi ikiendelea ni mlo wa nne. Sogeza mlo wa jioni uwe saa 3 siku hiyo, ule mezani TV imezimwa, kisha wakati wa mechi iwe chai ya tangawizi isiyo na sukari.

Watoto: WHO mwaka 2019 ilishauri chini ya mwaka mmoja wasiangalie skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa 1 kwa siku. Na si muda tu. Jennifer Harris na wenzake, 2009, walionyesha watoto katuni zenye matangazo ya vyakula na wengine katuni zilezile zenye matangazo mengine. Wa kundi la kwanza walikula vitafunwa zaidi kwa asilimia 45. Ukimwekea mtoto katuni ili ale, weka zisizo na matangazo. La bora zaidi ni kutomzoesha kulishwa akitazama. Mtoto anayefungua mdomo kwa sababu katuni inamshangaza hajifunzi kusema nimeshiba.

Msomaji_Tengeru

Naomba nitie mchanga kidogo kwenye pilau. Haya yote ni Marekani, Sweden, Uingereza. Hakuna aliyepima kwenye kitimoto ya Kijenge. Na uwanja huu umewahi kuchafuka. Brian Wansink wa chuo cha Cornell alikuwa maarufu kwa habari za namna hii, bakuli kubwa, filamu za mapigano zinafanya watu wale zaidi, na kadhalika. Mwaka 2018 majarida ya kitabibu ya JAMA yalifuta makala zake 6 kwa mpigo, na ile ya filamu za mapigano ilikuwemo. Ukiisikia redioni mpaka leo, jua imeshafutwa.

Lishe_Rau

Sahihi kabisa, na ndiyo sababu sikuitaja. Mkusanyo wa Robinson haukusimama juu ya mtu mmoja. La Milliman ni supamaketi moja na mgahawa mmoja, lichukue kama mwelekeo, usinukuu ile asilimia kana kwamba ni bei ya sukari. Ila kuna vitu havihitaji pasipoti: meza ikikaa muda mrefu vinywaji vinaongezeka, na ambaye hakutazama sahani haikumbuki. Kijenge au Texas, ubongo ni huo huo.

Msomaji_Tengeru

Hapo tumeelewana, dada. Na kuna lingine ambalo mimi naliamini zaidi ya yote: Adrian North na wenzake, supamaketi ya Uingereza, 1997. Siku za muziki wa Kifaransa ziliuzwa chupa 40 za mvinyo wa Kifaransa dhidi ya 8 za Kijerumani. Siku za muziki wa Kijerumani, 22 za Kijerumani dhidi ya 12. Wanunuzi wengi walikana kuwa muziki umehusika. Mwenye mgahawa wa kiburu na machalari Moshi mjini ajaribu mwenyewe wiki 2 na ngoma za Kichagga, wiki 2 bila, ahesabu sahani. Ila asibadilishe bei katikati, maana hatajua kilichouza ni kipi.

Kocha_Majengo

Nimesubiri muishibe mada ya kula. Mazoezi sasa.

Costas Karageorghis wa chuo cha Brunel, London, amefanya kazi hii miaka mingi. Kwa ufupi: kwenye mazoezi mepesi na ya kati, muziki hupunguza hisia ya uchovu kwa asilimia 10 hivi. Ukishavuka kiwango cha kuhema hovyo, haupunguzi tena. Mwili unapiga kelele kuliko spika. Kwa hiyo muziki ni msaada wa kutembea kwa kasi, kukimbia taratibu na baiskeli. Kwa mbio fupi za kukata pumzi usiutegemee.

Faida kubwa inakuja hatua zikiangukia mapigo. Wengi wanakosea kwa kupiga nyimbo wanazozipenda tu. Fanya hivi:

Hesabu wimbo. Gonga kidole kwa sekunde 15, zidisha mara 4.

Hesabu hatua zako mwenyewe, mguu mmoja kwa sekunde 30, zidisha mara 4. Kutembea kwa kasi ya mazoezi ni kuanzia hatua 100 kwa dakika. Kukimbia wengi wako 155 hadi 175.

Kisha linganisha. Amapiano, mapigo 110 hadi 115, ni ya kutembea kwa kasi, hatua moja kila pigo. Kwa kukimbia hatua 168, tafuta wimbo wa 84 na uweke hatua mbili kila pigo. Singeli ya 220 inawezekana kwa kutembea ukikanyaga pigo moja ukaacha moja, unapata 110. Ukijaribu kukanyaga kila pigo unavunja goti.

Orodha ya dakika 45: dakika 7 za mapigo 90 hadi 100 za kupasha, dakika 30 za katikati, dakika 8 za 70 hadi 80 za kupoa. Zipange kabla ya kutoka. Anayetafuta wimbo akikimbia anatazama simu, na shimo la barabarani halimsubiri. WHO inashauri mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya kati kwa wiki. Orodha hiyo mara 4 inakupeleka 180.

Mlima unaharibu hesabu. Anayejiandaa kwa nusu marathoni ya Kilimanjaro, ile inayopanda kuelekea Mweka, asiweke nyimbo za tambarare kwenye mpando. Atafanya moja kati ya mawili: avute hatua ndefu ili afuate wimbo, misuli ya nyuma ya mguu ikaze, au apoteze mapigo na aone amechoka kabla ya wakati. Kwenye mpando zima, fuata pumzi, washa mkigeuka kushuka. Hata kushuka usiweke zaidi ya kasi yako ya kawaida, wimbo wa haraka kwenye mteremko ndio unaoumiza mapaja.

Mashindano: kanuni za Riadha Duniani zinahesabu vifaa vya muziki kuwa msaada kwa mkimbiaji. Anayewinda zawadi asivae kabisa, wengine wasome kanuni za mbio husika.

Barabarani kimbia upande wa kulia, magari yakikujia usoni, na sikio la kushoto liwe wazi kwa sababu huko ndiko lami iliko. Bodaboda wanaopita pembeni hawana upande, kwa hiyo hata la kulia lisizibwe kabisa. Sauti: WHO inakupa saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80, lakini kwenye 90 ni saa 4 tu. Aliye mita moja akisikia muziki wako, umeshapita.

Mdau_Sakina

Kocha, na TV kwenye mazoezi? Kuna jimu zimejaza skrini mbele ya kila mashine.

Kocha_Majengo

Kwa mashine ya kutembea na baiskeli haina shida, mradi skrini iwe usawa wa macho. Ikiwa juu ukutani unakimbia shingo imepinda nyuma nusu saa. Ubaya wake ni kwamba kasi inashuka bila kujua, hivyo weka kiwango kwenye mashine kabla hujainua macho. Kwa vyuma, zima. Mtu anayebeba uzito huku anaangalia marudio ya goli anasahau mgongo.

Ila TV inafaa kama chambo. Katherine Milkman na wenzake, 2014, waliwapa watu vitabu vya kusikiliza vyenye visa vya kunasa, ila vikasikilizwe jimu peke yake. Mwanzoni mahudhurio yalipanda kwa asilimia 51 kuliko kundi ambalo halikupewa. Baada ya likizo ya Novemba ya Wamarekani faida ikayeyuka. Kwa nyumbani: chagua tamthilia moja, iangaliwe ukiwa umesimama unapiga hatua papo hapo, hatua 100 kwa dakika, na ukikaa inazimwa. Baada ya safari ya sikukuu anzisha nyingine mpya, usirudie ya zamani, hamu imeshakufa.

Jiko_la_Njiro

Na kuruka kamba mbele ya TV, kocha? Nyumba za vyumba viwili hizi.

Kocha_Majengo

Pima dari kwanza. Kamba inapita juu ya kichwa sentimita 25 hadi 30, kwa hiyo mtu wa mita 1.70 anahitaji mita 2 bila feni wala taa. Sogea mita 2 kutoka kwenye TV, vaa raba, weka mkeka wa mpira juu ya vigae. Kama kuna wapangaji chini yako, acha kamba, panda na kushuka kwenye kigoda cha sentimita 20.